Hedifoni Chini ya Hijabu: Kwanza Sikiliza Sini na Swadi

Huku Songea muuzaji atakwambia, "Dada, chukua hii ya sikioni, ina spika za aina mbili ndani." Zipo kweli: moja ya besi, nyingine ndogo ya sauti nyembamba.

Lakini wingi wa spika si ubora. Bibi harusi anayejifunza tajwidi anataka kutofautisha sini na swadi. Ijaribu kwa Kurani, si kwa muziki. Kila "s" ikipiga mluzi, iache.

Mimi fundi cherehani natazama na umbo. Ikichomoza, hijabu huikandamiza, sikio likauma. Chagua bapa, waya upite nyuma ya sikio.

Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Masikio ni amana.