Usiuze Shamba kwa Ajili ya Ahadi

Ndugu msomaji, labda baba yako amepooza upande mmoja, na kusema kwake ni kwa shida. Umesikia habari za sindano ya chembe changa zitengenezazo ubongo upya, nawe wafikiri kuuza shamba. Ngoja kwanza.

Mshipa wa damu ukizibwa au ukipasuka kichwani, sehemu ya ubongo hufa. Waganga wanatafuta kuponya mahali pale kwa chembe changa, kama zile zitokazo katika mafuta yaliyo ndani ya mifupa. Kazi yao ni njema. Mwaka 2016 waganga wa Stanford, Marekani, walitangaza kwamba wagonjwa 18 walitiwa chembe hizo ubongoni, na wengine wao walipata nguvu. Lakini mwaka 2019 jaribio la wagonjwa 163 lilionyesha kwamba waliotiwa chembe hawakuwapita wasiotiwa. Basi mtu anayekuuzia sindano ile kama dawa ya hakika, anauza asichokuwa nacho.

Wewe ufanye nini? Mtu akipooza ghafula, mlete hospitali saa ile ile. Kisha kila siku mnyoshe mkono na mguu, mzoeze kutembea na kusema, kwa maana sehemu za ubongo zilizo hai zaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Nguvu ya damu yake ipimwe, anywe dawa zake, apunguze chumvi. Mwombee, wala usichoke.

Shamba liache. Baba atahitaji chakula chake.