Kontere Kwanza, Fakture Kisha

Tangazo la vijana wa Bagira juu ya fakture za umeme
Bagira, Agosti 2023

Wandugu wa Bagira, wa Kadutu na wa Ibanda,

Umeme unapungua na fakture zinapanda. Mambo hayo mawili hayawezi kutembea pamoja ku mji wenye watu wanaojua kuhesabu. Sisi tunajua kuhesabu, na leo tunaomba tuhesabu pamoja.

Wengi wetu tunaoandika tulimaliza chuo kikuu. Diploma iko ku kabati, kazi hakuna. Tunapanga watu wanne, watano ku nyumba moja ili kodi ipatikane. Nyumba zenyewe mwenye nyumba anakataza makala: moshi unachafua ukuta, na huu ni mji ulioona makartie mazima yakiungua. Basi kila kitu kinakuwa ni umeme. Resho ya bugali na maharagi ni umeme, maji ya moto ya mtoto ni umeme, pasi ya yule aliyeitwa ku mtihani wa kazi ni umeme, simu na kompyuta ya kuandikia barua za kuomba kazi pia.

Fakture ya mwezi wa saba ilitufikia ikiwa mara mbili ya ile ya mwezi wa sita. Hatukununua kifaa kipya, wala hatukupokea mgeni. Na delestaji ilikuwa kali kuliko mwezi wa sita. Tulipouliza ku gishe, tulipewa jibu ambalo mama wote wa Bagira wamelizoea: "Lipa kwanza, njo utareklame."

Tumelipa. Sasa tunareklame.

Wanatuhesabia nini?

Nyumba nyingi za Bagira hazina kontere. Zinalipishwa kwa forfe, yaani bei ya kukadiria. Mtu fulani aliamua kwamba nyumba ya namna yako inakula umeme kiasi fulani, na kiasi hicho njo unalipa, umeme uwake ao usiwake.

Chukua resho ya wati 1500. Ikiwaka saa mbili kwa siku, inakula kilowati-saa 3. Kwa siku 30 ni kilowati-saa 90. Sasa weka delestaji. Umeme ukikuja siku moja na kupotea siku moja, zinabaki 45. Ukionekana siku kumi tu, zinabaki 30. Hata mtoto wa darasa la sita anaona kwamba huyu wa siku kumi angelipa theluthi ya yule wa mwezi mzima. Kwa forfe, wote wanalipa sawa.

Tena kuna mama mjane wa Nyakavogo mwenye taa moja na redio. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku haifikishi kilowati-saa 2 kwa mwezi. Kwa forfe, mama huyo anaweza kuwekwa ku mstari mmoja na jirani mwenye resho mbili, friji na mashine ya kulehemu. Nani anamlipia nani hapo?

Na wapangaji tunabeba mzigo wa pekee. Mtu anahama na deni la miezi, wewe unaingia na godoro lako, kesho wanakuja kukata waya kwa deni la mtu usiyemjua. Ku parsele zingine waya ni moja kwa milango sita, fakture ni moja, na mwenye nyumba anaigawa anavyoona. Kurudishiwa umeme unaombwa matabishi, na ile haina resi.

Tunalipa mara mbili

Umeme ukienda saa kumi na moja ya jioni, bugali haingoji. Yule mwenye resho anatafuta mbabula, anaiweka mlangoni kwa kujificha mwenye nyumba, anatuma mtoto akanunue makala. Makala nayo imepanda. Mwisho wa mwezi amelipa umeme ambao hakuupata, na amelipa makala ambayo hakupanga. Analipa giza, kisha analipa moto wa kufukuza giza.

Makala hiyo nayo inatoka mahali. Sehemu yake inakatwa ku msitu wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa na UNESCO ku urithi wa dunia mwaka 1980. Kila mwaka wanatuletea semina juu ya kulinda msitu. Semina ni nzuri. Lakini mama mwenye umeme wa kweli na fakture ya haki hana sababu ya kununua makala ya msitu.

Mto ni wetu

Wanatuambia umeme ni kidogo. Tunakubali, ni kidogo. Lakini tuseme yote.

Mto Ruzizi unatoka ku ziwa Kivu hapa hapa Bukavu. Ruzizi I ilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, ina karibu megawati 30 wakati mitambo yote inatembea. Ruzizi II ilianza mwaka 1989, karibu megawati 44, na ni mali ya inchi tatu kwa sehemu sawa: Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III wanaizungumzia tangu sisi hatujui kusoma. Ku makaratasi ina megawati 206, ku mto bado haijaonekana. Mji umeongezeka mara nyingi tangu 1989, mitambo ni ile ile.

Na sisi wanainchi tuna sehemu yetu. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa ku mitaro inashuka ziwani, inafika Ruzizi I, inaziba mitambo. Hiyo tuiseme bila kuficha, kwa sababu mtu anayedai haki asafishe pia mlango wake.

Lakini umeme kuwa kidogo haielezi fakture kuwa kubwa. Vuka Ruzizi, fika Kamembe. Kule wananunua umeme mbele, kwa Cash Power: unaingiza namba, unaona unayo kiasi gani, ikiisha umeme unakatika, na kila mtu anajua sababu. Ruzizi II ni yao na ni yetu. Ku ng'ambo moja ya mto umeme unapimwa, ku ng'ambo ingine unakadiriwa. Tofauti hiyo haikuletwa na maji.

Kwa wale watakaosema "lakini"

Watasema: vijana hawataki kulipa. Si kweli. Tunataka kulipa kila kilowati-saa tuliyotumia, na hata moja zaidi hatutaki.

Watasema: kuna watu wanavuta waya za kuiba. Ni kweli, wako, na waya zao zinachosha kabina na kuunguza vifaa vya kartie nzima. Lakini forfe njo rafiki wa mwizi. Mahali hakuna kipimo, umeme ulioibiwa hauonekani, na gharama yake inaangukia yule anayelipa. Weka kontere, mwizi ataonekana.

Watasema: kontere zikikuja mtalia zaidi, ona Goma. Tunajua. Goma kuna watu wenye kontere za kulipa mbele, na wako wanaolalamikia bei. Lakini wanalalamikia bei wakiwa na namba mkononi. Sisi tunalalamika mikono mitupu. Kontere haishushi bei yenyewe. Inatupa kitu cha kuweka ku meza.

Sheria iko upande gani?

Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata umeme, pamoja na maji safi na makao ya heshima. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme na ikaweka mamlaka ya kuisimamia. Miaka tisa imepita. Hatuoni mkono wa mamlaka hiyo ku fakture za Bagira.

Na kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani anaweza kuandikia mamlaka ya leta petisyo, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Basi tunadai:

1. Kontere kwa kila nyumba yenye umeme, bila kumuuzia mpangaji kifaa ambacho atakiacha ukutani siku ya kuhama.
2. Mpaka kontere ifike, siku za giza ziondolewe ku forfe.
3. Kila fakture iandike wazi hesabu yake: kilowati-saa ngapi, bei gani, kwa siku ngapi.
4. Deni la mpangaji aliyehama lisikate umeme wa mpangaji aliyeingia.
5. Mpango wa delestaji utangazwe kwa kila kartie, na uheshimiwe.

Wewe ufanye nini?

Nunua daftari ndogo. Kuanzia leo andika kila siku: umeme umekuja saa ngapi, umeenda saa ngapi. Piga picha fakture zako zote, hata za zamani. Weka resi. Kama umeunguliwa kifaa, andika tarehe. Mpe deleguwe wa avenue yako nakala. Kama avenue yako haina deleguwe, chagueni mmoja jioni hii, na musisahau wamama, ju wao njo wanajua saa ambayo resho inazima.

Tarehe 15 Septemba tutatembea kwa miguu, kwa amani, bila jiwe na bila kuziba barabara, kupeleka petisyo kwa meya wa Bukavu na kwa gavana wa Kivu Kusini, pamoja na madaftari yetu. Miezi mitatu itaisha tarehe 15 Desemba. Uchaguzi umepangwa tarehe 20 Desemba. Wagombea watakuja Bagira na mipira na tisheti. Mugombea akifika ku mlango wako, mwonyeshe daftari. Muulize swali moja: umeme wangu unapimwa na nini? Asipojibu, arudi na tisheti yake.

Tunajua tutaitwa wachochezi. Watu wanaoomba kipimo hawachochei kitu. Ku soko ya Bagira mama anayeuza unga anaweka kipimo mbele ya macho yako, na akikosa kipimo hauzi. Tunaomba kampuni ya umeme ifuate adabu ya mama huyo.

Kontere kwanza, fakture kisha.

Vijana wa Bagira