Kupanda ni siku moja, kulea ni miaka

Mvua ya masika imebisha hodi. Ukiishi Nairobi huhitaji kalenda ili ujue kwamba Machi inaisha. Utaona matope mlangoni, matatu zimekwama barabarani, na akina mama wanatoka sokoni na miche ya sukuma wiki ndani ya karai. Huu ndio wakati ambapo vikundi vya bustani mitaani huamka, kama wenzao wa Ulaya wanavyoamka baridi inapokwisha.

Katika mtaa ninaoishi tunacho kikundi kama hicho. Kina akina mama kadhaa, wazee wawili waliostaafu, vijana waliomaliza shule na bado wanatafuta kazi, na watoto ambao huja Jumamosi kwa sababu kuna chai na mandazi. Mwaka juzi tulipanda miche 20 ya miti kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu. Tulipiga picha, tukapiga makofi, kila mtu akaenda zake. Mvua ilipokatika mwezi wa Juni hakuna aliyekumbuka kubeba ndoo. Mbuzi walikula walichopata, watoto waking'oa vijiti vya kuchezea, na ilipofika Krismasi tulihesabu miti mitatu.

Ninasimulia aibu hii kwa sababu najua si yetu peke yetu. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitupa sikukuu nzima ya kupanda miti, na lengo lake ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Ni jambo jema. Lakini hebu nikuulize: ule mche ulioupanda siku ile uko wapi leo? Nani huunywesha maji?

Ukiona haya kujibu, jipe moyo. Hata marehemu Profesa Wangari Maathai alianza hivyo hivyo. Juni 5, 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, jijini Nairobi, kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali za nchi yetu. Hapo ndipo lilipochipuka Vuguvugu la Green Belt. Lakini katika kitabu chake, Unbowed, kilichotoka mwaka wa 2006, anaeleza kwamba kati ya ile saba ni miwili tu iliyosalia.

Je, alikata tamaa? La hasha! Alikwenda kwa wanawake wa vijijini, wakaotesha mbegu katika vitalu vyao wenyewe, na kila mmoja akapewa malipo madogo kwa mche ulioshika. Zingatia hapo, msomaji: ni ulioshika, si uliopandwa tu. Mwaka wa 2004 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kikundi chetu kimeiga hekima hiyo. Msimu huu kila mche una mwenyewe. Nyumba fulani ina mukinduri, nyumba nyingine ina muringa, na mtoto wa nyumba hiyo ndiye mlezi. Maji yaliyosuuziwa mboga hayamwagwi tena mtaroni. Jumamosi tunapokutana, mlezi husimama karibu na mti wake akaeleza hali yake. Mtoto ambaye mti wake umenyauka huona haya, na mzazi wake huona haya zaidi.

Ukitaka kupanda mti wako, chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe kwanza. Ondoa mfuko wa naironi kabla ya kupanda, maana wengi huuacha na mizizi ikajikunja humo ndani. Zungushia vijiti dhidi ya mbuzi, na utandaze nyasi kavu ili unyevu usipotee. Mkaratusi usiupande karibu na kisima au mto, kwani hunywa maji kama ngamia.

Na kama huna uwanja? Gunia linatosha. Wakazi wa Kibera wamelima kwenye magunia kwa miaka mingi. Weka mkebe usio na kitako katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha ujaze udongo na samadi pande zote. Vuta mkebe juu, ujaze kokoto tena, hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayopeleka maji chini. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki au managu, na juu upande vitunguu au dania. Baada ya miezi miwili hivi utakuwa ukichuma mboga ya jioni bila kufungua mkoba.

Tahadhari moja: usinyweshe mboga kwa maji ya mtaro wa majitaka, wala usichukue udongo kwenye jaa la taka. Mboga itanawiri, lakini tumbo la mwanao ndilo litakalolipa.

Wazee wanakumbuka jinsi askari wa baraza la jiji walivyokuwa wakifyeka mahindi ya watu. Siku hizi Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini, iliyopitishwa mwaka wa 2015. Hata hivyo, ombeni ruhusa kabla ya kulima ardhi ya umma.

Kuna faida nyingine isiyopimwa kwa kilo. Uwanja ulioachwa ukawa jaa huwavutia wanyakuzi, kwa kuwa hauna wa kuutetea. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Profesa Maathai alipaza sauti, akatukanwa, lakini mwishowe jengo halikujengwa. Uwanja wetu mdogo nao una walezi sasa. Atakayekuja na mawe na hati za usiku atawakuta watoto wamesimama, kila mmoja kando ya mti wake, naye itambidi awaeleze.

Kwa hivyo wewe mwanafunzi uliyefunga shule, na wewe mzazi unayelalamika bei ya mboga, msingoje sikukuu nyingine. Mvua haingoji mtu. Pandeni leo, lakini kabla ya kufukia shimo kubalianeni ni nani atakayebeba ndoo mwezi wa Agosti.