MAMBO YA MAGARI: Klachi ya Feni katika Pikapu Kuukuu

Wenye pikapu kuukuu wa Thika na Ruiru wanaujua ugonjwa huu, ijapokuwa wengi hawalijui jina lake. Gari latoka Thika alfajiri limebeba maparachichi au mikungu ya ndizi, lapita njia kuu mpaka Nairobi kwa mwendo mzuri, na mshale wa kipimo cha moto umetulia mahali pake. Jioni likirudi, likiacha njia kuu na kuingia katika msongamano wa Ruiru mjini, mshale huanza kupanda polepole. Kadhalika likipakia mbolea Thika na kushika njia ya mlima kwenda Gatura, mshale hupanda. Na dereva asiposimama, mvuke hutoka chini ya boneti. Fundi wa kwanza hulaumu rejeta. Wa pili huitoa themostati na kuitupa. Wa tatu huongeza maji na kupokea fedha yake. Baada ya gharama zote hizo gari lingali lachemka palepale.

Aghalabu mkosaji ni chombo kidogo kilicho katikati ya feni, mbele ya pampu ya maji, nacho huitwa klachi ya feni. Chombo hiki hakipigi kelele kikifa, wala hakiwashi taa yoyote mbele ya dereva. Ndiyo sababu wengi hawakifikirii mpaka gasketi ya hedi iungue, au hedi yenyewe, hasa iliyo ya alumini, ipindike. Hapo gari hulala kwa fundi majuma kadhaa, na mazao huoza shambani au hubebwa kwa gari la kukodi ambalo hula faida yote.

Zamani, katika magari mengi ya miaka ya 1950, feni ilikazwa moja kwa moja na pampu ya maji, ikazunguka wakati wote injini ilipozunguka, iwe asubuhi ya baridi au mchana wa jua. Huo ulikuwa upotevu, maana gari likienda mbio upepo wa njiani hutosha kuipoza rejeta bila msaada wa feni. Basi watengenezaji wakatafuta njia ya kuifanya feni ipumzike wakati haina kazi. Peugeot walitumia sumaku ya umeme. Ndivyo ilivyokuwa katika Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na ndivyo ilivyokuwa katika 504 iliyoifuata. Mwenye pikapu ya 504 asifuate maelezo yangu ya leo, kwa kuwa ya kwake ni habari ya nyaya na sumaku. Nasema juu ya klachi ya mafuta, iliyomo katika Toyota Hilux nyingi za dizeli na katika pikapu nyingine nyingi za Kijapani.

Ndani ya klachi hii mna sahani yenye mifereji ya mviringo, inayozungushwa na pampu ya maji. Sahani hiyo haigusani na ganda la nje, ambalo ndilo lililofungiwa feni. Kinachounganisha viwili hivyo ni mafuta ya silikoni, mazito kama asali. Mafuta yakiwa ghalani mwake, sahani huteleza na feni hujizungukia kivivu. Mbele ya klachi, mahali panapopigwa na upepo unaotoka katika rejeta, pana springi ndogo iliyojikunja kama konokono, iliyofanywa kwa metali mbili zilizoshikanishwa. Upepo ukiwa wa moto, springi hujipinda na kufungua mlango mdogo. Mafuta huingia katika mifereji, hushika, na feni huanza kuvuta upepo kwa nguvu. Rejeta ikipoa, mlango hufungwa. Hakuna waya, hakuna swichi. Mimi huona ni ufundi wa kupendeza sana kwa kitu kinachokaa gizani na vumbini.

Sasa ni dhahiri kwa nini gari halichemki katika njia kuu ya Thika. Njia hiyo, tangu ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, inaruhusu mwendo ambao upepo wake peke yake huipoza rejeta, hata feni ikiwa imekufa. Ugonjwa hufichwa na mwendo. Hufichuka mahali pa mwendo mdogo na kazi nyingi, yaani katika msongamano na mlimani.

Tena sisi tunaishi juu. Mji wa Thika uko kiasi cha mita 1,630 juu ya bahari, na bwawa la Ndakaini liko karibu mita 2,040. Maji yaliyo wazi, ambayo Mombasa huchemka kwenye digrii 100, hapa Thika huchemka kwenye digrii 95 hivi, na Ndakaini chini zaidi. Kifuniko cha rejeta hukaza maji yasichemke mapema. Kikiwa kizima, maji hupita digrii 110 kabla ya kuchemka. Lakini kifuniko chenye mpira uliokauka hakikazi kitu, na mwenye gari hulipa adhabu ya mwinuko. Kwa hiyo yapasa kukitazama kifuniko kabla ya kununua klachi. Tazama pia mapezi ya rejeta, kama hayakuzibwa na udongo mwekundu, wadudu na majani makavu. Gari likichemka hata katika mwendo mkubwa wa njia tambarare, shuku rejeta iliyoziba au themostati iliyokwama kwanza. Likichemka katika mwendo mdogo tu, shuku feni.

Kupima si kazi ngumu. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, washa na usikilize. Klachi nzima hunguruma muda mfupi, kwa sababu mafuta yaliteremka katika mifereji usiku, kisha hutulia. Endesha gari mpaka lipate moto, zima injini, toa ufunguo, ndipo uizungushe feni kwa mkono. Yapasa ikatae kidogo, kama kwamba yazunguka ndani ya uji mzito. Ikizunguka mara mbili tatu yenyewe kwa msukumo mmoja wa kidole, mafuta yamekwisha au mlango haufunguki. Ikiwa imekaza kabisa wakati wote, hata injini ikiwa baridi, imeshikana, nayo pia ni mbovu. Kisha ushike ncha ya panga moja la feni, uivute mbele na nyuma. Mchezo ukizidi milimita sita hivi, beringi imelika. Mwisho tazama uso wa klachi. Mistari ya mafuta iliyoshika vumbi kutoka katikati kwenda pembeni ni dalili kwamba silikoni imevuja.

Kuna mafundi wanaoipima kwa kuingiza gazeti lililokunjwa katika feni inayozunguka, waone kama litaisimamisha. Usiruhusu jambo hilo katika gari lako. Vidole havina vipuri.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika mabanda mengi ya jua kali klachi iliyokufa haibadilishwi. Hutobolewa na kutiwa bolti, au huchomelewa, ili feni izunguke pamoja na pampu siku zote. Mimi siwalaumu mafundi hao, maana mteja husimama kando akisema fedha hana, na kweli gari huacha kuchemka jioni ileile. Ikiwa umekwama njiani na mzigo wa maziwa, fanya hivyo ufike nyumbani. Lakini kuliacha gari hivyo mwaka mzima ni kulipa deni kidogo kidogo bila kuona. Feni ikizungushwa kwa mwendo maradufu, nguvu inayohitajiwa haiwi maradufu, bali huwa mara nane. Nguvu hiyo hutoka katika dizeli uliyoinunua. Gari huwa zito kupanda, mkanda hulika upesi, na beringi ya pampu ya maji hubeba kazi ambayo haikukusudiwa. Feni nyingi ni za plastiki; zikizungushwa mno huweza kupasuka, na kipande kilichoruka hupasua rejeta. Basi aliyeokoa bei ya klachi hununua pampu, pengine na rejeta.

Katika kununua, chukua klachi ya zamani mkononi na ulinganishe: kipenyo, urefu, idadi ya matundu, na mahali pa kufungia feni. Barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, iliyoitwa zamani Grogan, ina maduka mengi ya vipuri vipya na vilivyotumika. Ya kutumika huweza kufaa, lakini ijaribu kwa mkono kama nilivyoeleza, na utazame ilivyowekwa rafuni. Klachi yapasa kusimama wima, kama inavyokaa katika gari. Iliyolazwa kifudifudi miezi mingi huenda mafuta yake yametoka. Baadhi ya klachi za Toyota hufunguliwa na kutiwa mafuta mapya ya silikoni yaliyo maalum kwa kazi hiyo. Mafuta ya injini hayafai kabisa hapo.

Kazi ya kubadilisha huanza injini ikiwa baridi. Ondoa waya wa betri ulio wa hasi. Kabla ya kulegeza mkanda, legeza kwanza nati nne zinazoshika klachi kwenye pampu, maana mkanda uliokaza huzuia puli isizunguke. Wengi huondoa mkanda kwanza, kisha hutoka jasho bure. Katika Land Rover zenye injini ya Tdi hakuna nati nne, bali nati moja kubwa ya milimita 32, nayo hufunguka kwa kugeuzwa kinyume cha nati za kawaida. Asiyejua huikaza akidhani aifungua. Funika mapezi ya rejeta kwa karatasi ngumu. Fungua kava ya feni na uisogeze upande wa injini, kisha utoe feni pamoja na klachi yake. Katika magari mengine hapana budi kutoka pamoja na kava.

Nafasi ikiwa wazi, shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza, au ukiona maji yamechirizika katika tundu dogo lililo chini ya pampu, ibadilishe sasa hivi, usije ukafungua tena baada ya mwezi. Tazama mkanda kama umepasuka. Kisha tenga feni na klachi mezani, ukiwa umetia alama upande unaotazama mbele, kwa sababu feni iliyofungwa kinyume huvuta upepo haba, na gari litachemka kama kwanza. Chunguza shina la kila panga. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, feni hiyo imekwisha kazi.

Funga klachi mpya, ukianza nati zote kwa vidole, kisha ukazikaze kwa spana kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Rudisha mkanda, uukaze mpaka dole gumba likiubonyeza katikati ushuke kiasi cha sentimita moja. Zungusha feni kwa mkono uone kwamba haigusi kava popote. Kava hiyo usiiache ghalani kama wafanyavyo wengine. Bila yake feni huuvuta upepo wa pembeni, wala si ule unaopita katika rejeta.

Washa injini. Utasikia ngurumo, kisha utulivu. Siku ya pili panda Gatura na mzigo wa kawaida, ukitazama mshale. Mahali pale ulipozoea kusimama, huenda ukasikia feni ikinguruma yenyewe kwa dakika chache na mshale ukarudi chini. Ukifika, injini ikiisha kupoa, pitia nati zile nne kwa spana mara moja zaidi.