Shahada ya Biashara kwa Mkaazi wa Isiolo: Ya Kutwa, ya Jioni au ya Wasimamizi?

Si ajabu siku hizi kumsikia mwalimu, karani wa kaunti au mfanyabiashara wa mifugo mjini Isiolo akisema anataka kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Hata miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili wapo wanaoiona kuwa mlango wa pili wa riziki. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, aghalabu huulizwa ni chuo kipi chenye jina, ilhali swali lililostahili kutangulia ni hili: saa za kusoma zitatoka wapi?

Mikondo inayofahamika ni mitatu. Katika mkondo wa kutwa, mwanafunzi huiacha kazi akajitolea kwa masomo. Katika mkondo wa jioni, huhudhuria vipindi baada ya kazi na siku za Jumamosi. Mkondo wa wasimamizi huwalenga wenye uzoefu wa uongozi. Hukutana siku chache mfululizo kisha wakarejea kazini, na karo yake kwa kawaida huwa nzito zaidi.

Ukiichunguza, mikondo hii inamfaa zaidi mkaazi wa jiji. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni takriban kilomita 285. Atokaye Merti au Garbatulla huanza safari mbali zaidi. Kwake yeye, masomo ya jioni hugeuka kuwa masomo ya barabarani. Naye mama anayekusanya maziwa ya ngamia ili yawahi basi la kwenda Eastleigh, akichagua mkondo wa kutwa, atalazimika kuifunga biashara ileile anayotaka kujifunza kuiendesha.

Kwa maoni yangu, kijana asiye na ajira na anayenuia kubadili taaluma na asome kutwa, ikiwa karo ipo. Mkondo wa jioni na uchaguliwe tu pale darasa lilipo karibu. Mwenye kazi asiyoweza kuiacha anahitaji vipindi vya mfululizo, lakini si haki alazimike kulipa karo ya wakurugenzi ili avipate.

Wapo watakaosema kwamba mtandao umelitatua tatizo hili, hasa baada ya vyuo kufunzia humo wakati wa janga la korona mwaka 2020. Mtandao unasaidia, lakini haujafika kila kituo cha kaunti hii pana, wala haumpi mtu saa asizokuwa nazo.

Dawa tunaijua. Kwa miaka mingi walimu wetu wamesomea shahada za elimu wakati wa likizo za shule, bila kuacha madarasa yao. Ikiwa vyuo viliweza kuipanga kalenda kwa ajili ya mwalimu, vinashindwaje kuipanga kwa ajili ya mfanyabiashara wa Isiolo? Wahenga walinena, vyaelea vimeundwa. Ratiba nazo huundwa.