UFUNDI NA NYUMBA: Mlango Uchorwe Mara Moja, Utumike Mara Mia

Mfyatua matofali hafinyangi kila tofali kwa viganja. Hutengeneza kalibu moja ya mbao, akaipima kwa uangalifu, na matofali elfu hutoka kwayo yakiwa sawa. Lakini kalibu ikipinda, matofali yote elfu hupinda nayo. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala kazi ya kuchora majengo kwa kompyuta, na kijana anayejifunza kazi hiyo yampasa aielewe mapema.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwa programu yake Sketchpad kwamba mchoro mmoja wa asili waweza kuzaa nakala nyingi, na asili ikibadilishwa nakala zote hubadilika. Mwaka 1982 ikatokea AutoCAD, iliyohamishia kazi ya kalamu na rula kwenye kompyuta ndogo. Mwaka 2000 ikaja Revit, ambayo huunda jengo zima lenye kuta, milango na paa. Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, iliinunua mwaka 2002.

Katika mchoro wa AutoCAD wa kawaida, mlango ni mistari michache na tao. Kompyuta haijui kwamba ni mlango. Katika Revit, mlango hubeba upana na kimo chake, hutoboa ukuta pale unapowekwa, na huhesabiwa katika orodha ya vifaa. Kitu cha namna hiyo huitwa familia, na jina lafaa: wana wa nyumba moja hutofautiana kwa kimo, bali sura ni ile ile.

Hata hivyo michoro ya zamani haitupwi. Hugeuzwa kuwa familia kwa utaratibu ufuatao. Kwanza husafishwa: maandishi na mistari isiyohitajiwa hufutwa, na mchoro husogezwa karibu na kitovu cha vipimo. Pili, hufunguliwa kiolezo cha familia ya mlango, na mchoro huingizwa humo, wala si katika mradi wenyewe. Tatu, huwekwa mistari ya mwongozo kwenye kingo na katikati, na umbali wa mistari hiyo hupewa majina: upana, kimo, unene. Nne, fremu na ubao huundwa upya vikiwa na unene wa kweli, vikafungwa kwenye mistari ya mwongozo. Tano hufanywa jaribio: upana hubadilishwa kutoka milimita 800 hadi 900. Sehemu zote zikisogea pamoja bila kuachana, mchoro wa zamani huondolewa, na familia huhifadhiwa.

Wachoraji wenye haraka huuingiza mchoro moja kwa moja katika mradi na kuupasua vipande vipande. Hapo mradi hujaa aina za mistari zisizo na kazi, kompyuta huelemewa, na vimistari vifupi kuliko milimita 0.8 hivi hukataliwa na Revit, hata kingo zikabaki wazi. Kosa jingine ni la vipimo. Namba 900 iliyokusudiwa kuwa milimita, ikisomwa kama inchi, huzaa mlango wa karibu meta 23. Kosa hilo huonekana mara moja, na hurekebishwa kwa kicheko.

Kosa dogo ndilo la kuogopwa. Ichukuliwe mfano kambi ya nyumba 40, kila nyumba milango 6. Mchoraji akiandika upana wa ubao mahali pa upana wa tundu la ukuta, akasahau nafasi ya fremu, kosa la kipande kimoja limekuwa matundu 240. Likigunduliwa mezani, familia hurekebishwa, hupakiwa upya katika mradi, na milango yote 240 hunyooka pamoja. Likigunduliwa baada ya linta kumwagwa, dawa yake ni patasi na nyundo, saruji ya ziada, na askari na watoto wake kungoja nyumba miezi mingine.

Kwa hiyo kila familia ipimwe na mtu wa pili kabla ya kutumika, na seremala aulizwe vipimo vya fremu anayoitengeneza kweli. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.