Tuliohifadhiwa ugenini, tusiwafukuze majirani

Jioni moja mwezi Juni 2023, wiki chache baada ya Rais Yoweri Museveni kutia saini Sheria ya Kupinga Ushoga, wazee watatu walifika nyumbani kwangu hapa Kuluba. Walitaka niwaandikie barua ya kumpelekea mwenyekiti wa LC1. Barua hiyo ilimhusu kijana mmoja, fundi wa simu, aliyepanga chumba kando ya barabara ya kwenda Oraba.

Hakuna hata mmoja wao aliyemwona akitenda kosa. Walichokuwa nacho ni kwamba hana mke, na kwamba kuna rafiki yake wa Arua ambaye hulala kwake. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kuandika," mmoja akaniambia. "Sheria inasema asiyetoa taarifa naye ana kosa. Wataka tufungwe sote?"

Sikuiandika barua ile. Nilisingizia madaftari ya kusahihisha. Lakini sikusema neno la kumtetea, ingawa kijana huyo nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe. Siku ya nne mwenye nyumba alimtolea godoro nje. Akavuka mpaka kuelekea Kongo na kisanduku chake cha vifaa, na tangu hapo sijamwona. Jambo hilo limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na sheria yenyewe, maana huku mpakani wengi tunaijua kwa kusikia tu. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa nchini Uganda hata kabla ya 2023. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza ilikwisha kuweka kifungo cha maisha. Mwaka 2009 mbunge David Bahati alipeleka muswada mkali zaidi. Muswada huo ukawa sheria Februari 2014, na Mahakama ya Katiba ikaifuta tarehe 1 Agosti mwaka huo huo kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Sheria ya 2023 ilikuja na adhabu ya kifo kwa kile kinachoitwa ushoga uliokithiri, pamoja na kifungo cha hadi miaka 20 kwa mwenye hatia ya kuukuza.

Kilichotugusa sisi wanakijiji ni vifungu vingine. Kimoja kilimtisha mwenye nyumba kwa jela. Kingine, cha 14, kiliwapa wananchi wajibu wa kwenda polisi kutoa taarifa. Kwa maneno mengine, jirani alifanywa askari bila mshahara.

Tarehe 3 Aprili 2024, majaji watano wa Mahakama ya Katiba waliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Hata hivyo walivifuta vifungu kadhaa, kikiwamo hicho cha 14 na kile cha 9 kilichowahusu wenye nyumba. Walisema vinakiuka haki ya afya, ya faragha na ya uhuru wa dini. Habari za hukumu hiyo zilifika Kuluba nusu nusu. Wengi walisikia kwamba "sheria imebaki", wasisikie kwamba wajibu wa kumchongea jirani umeondoka. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaofukuzwa vyumbani kwa jina la amri ambayo mahakama ilikwisha kuifuta.

Ndugu msomaji, sisi wa West Nile tunalijua vizuri jambo la kunyooshewa kidole. Baada ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980 wapiganaji walipoishambulia Koboko na Arua, askari wa serikali walilipiza kisasi kwa raia. Kuwa Mkakwa, au kutoka upande huu wa mto tu, kulitosha kuwa hatia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Mamia ya maelfu walikimbilia Zaire na Sudan.

Mimi nilibebwa mgongoni. Darasa la kwanza nililianzia upande wa Zaire, nikisoma kwa Lingala na Kifaransa, na Kiswahili nikakiokota sokoni Ariwara. Mama aliyetupa kibanda chetu cha kwanza hakutuuliza kabila wala dini. Walikuwapo waliomwambia kwamba tungemletea balaa la askari. Hakutufukuza.

Wafanyabiashara wanajua kwamba hapa tulipo mataifa matatu yako umbali wa safari ya siku moja ya pikipiki. Uganda kuna kifungo cha maisha. Sudan Kusini, kwa Kanuni ya Adhabu ya 2008, ni hadi miaka 10. Kongo haina sheria inayoyataja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa chuki haikosekani. Mtu ni yule yule, mzigo wake ni ule ule, lakini akivuka kizuizi anageuka mhalifu. Nchi yetu inasifiwa kwa kuhifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na Kuluba yenyewe imewapokea wengi kutoka Yei. Wakati huo huo, tangu 2014, wapo Waganda waliokimbilia Kenya na kuishia kambi ya Kakuma kwa sababu ya suala hili.

Najua nitakayoambiwa. La kwanza, kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Lakini sheria ya kuwaadhibu ndiyo iliyoletwa na Wazungu, kwa mfano wa Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. Mahakama za Botswana ziliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2019 na tena 2021, bila kuamriwa na Ulaya. La pili, kwamba tunawalinda watoto. Mimi ni mwalimu na hilo ni kazi yangu ya kila siku. Anayemnajisi mtoto, awe wa kiume au wa kike, ashtakiwe, na sheria ya kumshtaki ipo siku nyingi. Kumfukuza fundi wa simu mtu mzima hakumlindi mtoto yeyote. La tatu ni dini. Msikiti na kanisa vina haki ya kufundisha vinavyoamini, lakini sijasikia aya inayomruhusu mtu kutupa godoro la jirani kwa uvumi.

Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa picha za watu na kutaka wanyongwe. David Kato, aliyekuwa mwalimu kama mimi, alikwenda Mahakama Kuu pamoja na wenzake wawili wakashinda Januari 2011. Tarehe 26 mwezi huo huo aliuawa nyumbani kwake Mukono. Siku ya maziko wanakijiji walikataa kumzika. Rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe, na Askofu mstaafu Christopher Senyonjo akawaombea. Kwetu sisi, kukataa kuzika ni kumwondoa mtu katika ubinadamu. Wale waliolibeba jeneza walimrudisha.

Katika kesi ya 2023 pia walikuwamo watu wa kila aina: Profesa Sylvia Tamale, mwandishi Andrew Mwenda, na mbunge Fox Odoi aliyeipinga sheria Bungeni. Wao wana mahakama. Sisi wa kijijini tuna vyumba vya kupangisha, vibanda vya soko, madarasa na vituo vya afya. Huko ndiko mtu anakofukuzwa, na ndiko anakoweza kulindwa. Mwenye nyumba adai kodi yake, asidai siri za chumbani. Mwenyekiti wa LC asipokee barua ya uvumi. Muuguzi atoe dawa bila mahubiri.

Sheria ya kukuza ingalipo, na ndiyo inayowafunga midomo walimu wengi. Simfundishi mtu mapenzi. Nasema jirani asifukuzwe. Wazee wale wakirudi tena na karatasi yao, sitasingizia madaftari. Nitawakaribisha viti, niwasomee hukumu ya Aprili 2024, kisha niwaulize mama yule wa Zaire angetujibu nini.